Mpigaji Asiyepumua: Namna Kompyuta Inavyoiga Sauti za Ala za Muziki

Miaka michache iliyopita wanakwaya wa usharika mmoja katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Marangu, walinijia nyumbani Moshi na ombi. Walitaka kurekodi nyimbo kumi, na fedha walizokuwa nazo hazikutosha kukodi studio wala kuwalipia wapiga tarumbeta wanane nauli, chakula na posho ya siku tatu. Walikuwa wamesikia kwamba katika chumba changu cha nyuma nina kompyuta, kinanda na maikrofoni mbili, na kwamba ndani ya kompyuta hiyo mna tarumbeta zote za dunia. Habari hiyo haikuwa uongo mtupu. Nilifanya kazi kwa siku nne, na jioni ya siku ya nne nikawapigia wimbo wa kwanza. Vijana walifurahi. Mzee mmoja aliyepiga tarumbeta tangu ujana wake alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mpigaji wako ni hodari sana. Ila naona hapumui."

Nimefundisha akustika, yaani elimu ya sauti, kwa miaka mingi, na utafiti wangu wa shahada ya uzamivu ng'ambo ulihusu mawimbi ya sauti katika mabomba. Walakini ilinibidi kukiri kwamba mzee yule aliona kosa ambalo mimi sikuliona. Makala hii inaeleza kosa hilo lilitoka wapi, na kwa njia gani linaweza kupunguzwa. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu au cha nne atapata humu mifano ya mawimbi, mvumo na joto ambayo haimo katika vitabu vingi vya kiada, na wanafunzi wanaopiga vinanda vya kwaya watapata, natumaini, sababu ya mambo wanayoyasikia kila Jumapili.

Sampuli ni nini?

Sauti ni mabadiliko madogo ya kanieneo ya hewa. Maikrofoni huyageuza mabadiliko hayo kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. Katika santuri ndogo za kidijitali zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, upimaji hufanyika mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Kwa nini 44,100? Sikio la kijana husikia mitikisiko hadi hezi 20,000 hivi, na hisabati yatuambia kwamba ili wimbi liweze kurudishwa kama lilivyokuwa, hapana budi lipimwe zaidi ya mara mbili katika kila mtikisiko wake. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000. Ziada iliyobaki ni nafasi ya vichujio kufanya kazi yao.

Ukimrekodi mpigaji akipiga sauti moja ya tarumbeta, ukaihifadhi, na ukaifunga kwenye kitufe kimoja cha kinanda, umepata sampuli. Ukifanya hivyo kwa sauti zote za chombo, umepata maktaba ya sauti. Wazo hili lina umri kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1963 Waingereza walianza kuuza kinanda kiitwacho Mellotron, ambacho kila kitufe chake kilivuta ukanda wa sumaku uliorekodiwa sauti ya ala halisi. Ukanda ule ulidumu sekunde nane tu, kisha sauti ilikatika hata kama kidole bado kimebana kitufe. Mwaka 1979 Fairlight CMI, iliyobuniwa Sydney, Australia, ilifanya kazi hiyo kwa namba badala ya kanda, nayo iliuzwa kwa bei ya nyumba. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya kawaida inayobebwa mkobani.

Hebu tupige hesabu ndogo. Rekodi ya njia mbili, kushoto na kulia, hutumia baiti 44,100 × 2 × 2, yaani 176,400 kila sekunde. Sauti moja ya sekunde nane huchukua basi baiti 1,411,200. Klarineti ina sauti zipatazo arobaini. Tukizirekodi zote katika viwango vinne vya nguvu, na kila kiwango mara tatu, tuna rekodi 480, ambazo huchukua takriban baiti milioni 677. Wanafunzi na wajiulize: kwa nini viwango vinne, na kwa nini mara tatu? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo sehemu kubwa ya somo letu.

Mti wetu katika sauti yao

Nimeitaja klarineti kwa kusudi. Klarineti, oboi na mabomba ya zumari za Uskochi hutengenezwa zaidi kwa mpingo, mti unaokua katika nyika kavu za Tanzania na Msumbiji, na hata katika tambarare zilizo chini ya Moshi. Mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na mti huhitaji miongo saba au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Mwaka 1996 marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Kibosho, pamoja na Mmarekani James Harris, walianzisha mradi wa kuuhifadhi, wakaotesha miche hapa Moshi na kuigawa kwa shule na vijiji. Chuwa alifariki mwaka 2014. Basi kijana wa Moshi afunguapo maktaba ya sauti iliyotengenezwa Ulaya na kuchagua klarineti, huenda kabisa kinachosikika ni hewa iliyotikisika ndani ya mti wa nchi yake.

Nasema hewa, wala sisemi mti. Watu wengi hudhani kwamba mpingo ndio unaolia. La hasha. Wataalamu wa akustika wamepima na kuona kwamba kuta za bomba hutikisika kidogo mno kiasi cha kutosikika; kinacholia ni mhimili wa hewa uliomo ndani. Mpingo hupendwa kwa sababu hauvimbi upesi kwa unyevu wa pumzi, na kwa sababu huchongeka kwa usahihi hata tundu lake likawa laini kama kioo. Klarineti hutenda kama bomba lililozibwa upande mmoja, kwa hiyo katika sauti zake za chini sauti tanzu zenye namba witiri, yaani ya 3, ya 5 na ya 7, huwa na nguvu kuliko zile zenye namba shufwa. 

Nguvu haiongezi ukubwa wa sauti peke yake

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: maktaba niliyotumia ilikuwa na rekodi moja tu kwa kila sauti ya tarumbeta, iliyopigwa kwa nguvu ya wastani. Nilipotaka sauti ndogo, kompyuta iliipunguza rekodi ileile. Nilipotaka kubwa, iliikuza. Hivyo ndivyo redio inavyofanya unapozungusha kitufe chake. Tarumbeta haifanyi hivyo.

Mfaransa Jean-Claude Risset, alipokuwa akichunguza tarumbeta kwa kompyuta huko Marekani katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba mpigaji anapoongeza nguvu, sauti tanzu za juu huongezeka kwa kasi kuliko sauti ya msingi. Tarumbeta inayopulizwa polepole ina sauti tanzu chache, nayo husikika laini kama filimbi nene. Inayopulizwa kwa nguvu hujaa sauti tanzu za juu, nayo hung'aa na kuchoma. Ndiyo maana ukiwa Mwika unasikia bendi inapiga Marangu, unajua bila kufikiri kwamba inapiga kwa nguvu, japokuwa sauti inayokufikia ni ndogo. Sikio halipimi ukubwa tu; linasoma pia muundo wa sauti. Rekodi ya nguvu iliyopunguzwa humwambia msikilizaji kwamba mpigaji yuko mbali, wala si kwamba anapiga kwa upole.

Hapo ndipo haja ya viwango vinne inapotoka. Maktaba nzuri hurekodi kila sauti kwa upole mno, kwa upole, kwa nguvu, na kwa nguvu sana, kisha programu huchagua rekodi kwa kufuata mwendo wa kidole. Lugha ambayo kinanda hutumia kuiambia kompyuta jambo hilo ilikubaliwa na watengenezaji mwaka 1983, nayo huitwa MIDI. Katika lugha hiyo mbio ya kitufe kushuka hupewa namba kati ya 0 na 127.

Lakini sikiliza vizuri: kinanda hupima mbio ya kitufe mara moja tu, kinaposhuka. Kwa ngoma, piano, gitaa na ilimba hilo latosha, kwa maana ala hizo hupigwa au kudonolewa, kisha huachwa zife zenyewe; nguvu yote imetolewa mwanzoni. Tarumbeta, filimbi, zeze la upinde na koo la binadamu ni jamii nyingine kabisa. Hizo hulishwa nguvu muda wote zinapolia, na mchezaji hubadili mawazo katikati ya sauti: huanza kwa upole, huvimbisha, hupunguza. Ukipiga tarumbeta kwa kidole tu, umemnyima mpigaji wako uwezo wa kubadili mawazo. Kwa sababu hiyo upande wa kushoto wa vinanda vingi pana gurudumu dogo. Katika MIDI ni kidhibiti namba 1. Namba 2 ilitengwa kwa ajili ya kifaa cha kupuliza kwa mdomo, na namba 11 kwa kukuza na kupunguza sauti ndani ya wimbo. Wapiga vinanda wengi wa kwaya ninaowajua hawajawahi kuligusa gurudumu hilo. Mkono wa kushoto una kazi ya besi, husema. Basi na wapige sauti kwanza, kisha warudie mara ya pili wakiendesha gurudumu peke yake. Kompyuta huyaunganisha mambo hayo mawili bila taabu.

Sehemu ya kumi ya sekunde

Mwaka 1948 Pierre Schaeffer huko Paris alirekodi kengele, akaondoa mwanzo wa kila mlio, yaani ule mgongano wa chuma na chuma. Kilichobaki hakikufanana tena na kengele; kilivuma kama ala ya kupulizwa. Majaribio mengi yaliyofuata yalithibitisha kwamba sikio hutambua chombo kwa mwanzo wake, muda ambao mara nyingi hauzidi sehemu ya kumi ya sekunde. Katika muda huo ulimi huachia hewa, midomo hutafuta mtikisiko, na sauti tanzu huingia moja baada ya moja, wala haziingii kwa pamoja.

Jaribio hili lafaa sana kwa darasa. Shule zetu nyingi hutumia rimu ya gari iliyotundikwa mtini kuwa kengele. Irekodi kwa simu ya mkononi, umbali wa mita moja hivi. Ihamishe rekodi kwenye kompyuta yenye programu ya bure iitwayo Audacity, ukuze mchoro wa wimbi hadi mwanzo wa mlio uonekane wazi, kisha ukate sehemu ya kumi ya sekunde ya kwanza. Waite wanafunzi ambao hawakuwapo wakati wa kurekodi, uwaulize ni chombo gani. Baada ya hapo irekodi rimu mara mbili zaidi, mara moja kwa kugonga polepole na mara moja kwa nguvu, ukuze ile ndogo hadi ilingane na kubwa, na uwaulize kama zinafanana. Hazitafanana. Darasa litakuwa limevumbua upya kazi ya Schaeffer na Risset kwa kipande cha chuma na simu ya mwalimu.

Kuvuta sauti moja kufikia nyingine

Maktaba za bei nafuu hazirekodi kila sauti. Hurekodi moja katika kila nne au tano, na zilizo katikati hupatikana kwa kuichezesha rekodi kwa kasi zaidi au pungufu. Kila nusu toni ni zidisho la 1.0595, yaani kipeuo cha kumi na mbili cha 2, kwa kuwa oktava moja, ambayo huzidisha marudio kwa 2, imegawanywa katika nusu toni 12. Kupanda nusu toni tatu ni kuongeza kasi kwa takriban asilimia 19.

Hasara yake ni nini? Kila kitu katika rekodi hupanda pamoja: sauti, kasi ya mwanzo, mtetemo wa mkono, na hata mvumo wa mwili wa chombo. Lakini zeze halipunguki ukubwa mchezaji anapopanda juu. Kibuyu chake ni kilekile, na marudio kinayoyapenda ni yaleyale. Rekodi iliyovutwa husikika kama zeze lililotoka kwenye kibuyu kidogo zaidi, kama vile sauti ya mzee iliyokimbizwa kwenye kaseti inavyokuwa ya mtoto. Kwa kazi ya nyumbani nashauri kutovuta zaidi ya nusu toni mbili kila upande.

Ama haja ya kurekodi mara tatu ni nyepesi kueleza. Mpiga ngoma akipiga mapigo kumi ya haraka, hakuna mawili yaliyo sawa kabisa. Fimbo hutua mahali tofauti kidogo, ngozi bado inatikisika kwa pigo lililotangulia. Kompyuta ikirudia rekodi moja mara kumi, sikio hushtuka mara moja, na kinachosikika ni bunduki ya rasharasha. Dawa ni kuwa na rekodi tatu au nne za pigo lilelile na kuzizungusha kwa zamu.

Kosa linalokaribiana na hilo ni la kutaka tarumbeta tatu kwa kunakili rekodi moja mara tatu. Mawimbi mawili yaliyo sawa kabisa yakijumlishwa huleta sauti ileile, kubwa zaidi kwa desibeli 6. Wapigaji wawili halisi wenye nguvu sawa huongeza desibeli 3 tu, lakini huleta kitu ambacho kunakili hakuleti: tofauti ndogo za wakati na za marudio, ambazo sikio huziita umati. Mpe kila mpigaji wa kompyuta rekodi yake mwenyewe, umcheleweshe huyu kwa milisekunde 10, na yule kwa 15. Hilo si udanganyifu. Milisekunde 10 ni muda ambao sauti husafiri mita tatu na nusu, yaani umbali kati ya wapigaji wawili waliosimama uwanjani.

Pumzi

Sauti ya tarumbeta katika maktaba yangu ilidumu sekunde sita. Wimbo ulipohitaji sauti ndefu zaidi, programu ilichukua kipande cha katikati na kukizungusha kama kitanzi, nayo ingeweza kuendelea hivyo hadi umeme ukatike. Nami, kwa kuwa vidole vyangu havina mapafu, niliandika mistari isiyo na mwanya. Ubeti mzima wa mistari minne ulipita pasipo mpigaji kuvuta pumzi hata mara moja. Msikilizaji wa kawaida hasemi "hapumui". Husema tu kwamba muziki unachosha, asijue kwamba kifua chake mwenyewe kilikuwa kikingoja.

Tangu siku ile nina desturi moja, na nawashauri wengine: imba kila mstari wa chombo cha kupuliza kwa mdomo wako kabla ya kuuandika, na pale unapovuta pumzi, ondoa kidole. Kadhalika usimpe mpigaji mmoja sauti tatu kwa pamoja. Mkono wa kulia wa mpiga kinanda hupenda kubana vitufe vitatu, na matokeo yake ni tarumbeta tatu zinazokwenda sambamba kama askari, kila moja ikiruka kutoka sauti hadi sauti. Waimbaji wetu wa sauti nne wanajua zaidi: alto hukaa panapo nafasi ya kukaa, tena husogea kwa hatua fupi.

Asubuhi ya baridi huko juu

Bendi za tarumbeta za sharika za Kilutheri katika Kilimanjaro ni urithi wa desturi ya makanisa ya Ujerumani. Misheni ya Leipzig ilifika katika mlima huu mwaka 1893. Mpiga kinanda anayejaribu kupiga pamoja na bendi hizo asubuhi ya mwezi wa Julai hukutana na tatizo ambalo wanafunzi wangu hulijibu vibaya kila mwaka. Tarumbeta ziko chini ya kinanda. Wanafunzi husema ni kwa sababu ya urefu wa mahali na wepesi wa hewa. Sivyo. Kanieneo ya hewa ikipungua, msongamano wake hupungua kwa uwiano uleule, na mwendo wa sauti haubadiliki. Kinachoubadili ni joto.

Mwendo wa sauti katika hewa ni takriban mita 331 kwa sekunde katika nyuzi 0 za Selsiasi, nao huongezeka kwa mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Mchana wa nyuzi 30 mjini Moshi ni mita 349. Asubuhi ya nyuzi 15 mteremkoni ni mita 340. Urefu wa bomba haubadiliki kiasi cha kujali, kwa hiyo marudio hushuka kwa uwiano wa mwendo. Chombo kilichotiwa sauti ya hezi 440 mjini kingetoa hezi 429 huko juu. Wanamuziki hugawa oktava katika senti 1,200, na nusu toni moja ni senti 100. Tofauti hiyo ni ya senti 45, karibu robo toni! Kwa bahati njema hewa iliyomo ndani ya tarumbeta hupashwa na pumzi ya mpigaji, hivyo mshuko halisi huwa mdogo zaidi, na ndiyo maana wapigaji wazoefu hupuliza hewa kimyakimya ndani ya ala zao kabla ya wimbo. Kinanda cha umeme hakijui baridi. Anayechanganya sampuli na bendi halisi na arekebishe sampuli kwa senti kadhaa zifuate bendi, wala asiwalaumu wapigaji.

Kanisa ndani ya chumba

Sampuli nyingi hurekodiwa katika vyumba vikavu visivyo na mwangwi. Ukiziacha hivyo, tarumbeta husikika kana kwamba imo kabatini. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwishoni mwa karne ya 19, aligundua kanuni rahisi: muda ambao mvumo wa chumba huchukua kushuka kwa desibeli 60 ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa kuta, dari na watu. Chukua kanisa la mawe lenye urefu wa mita 20, upana mita 12 na kimo mita 8. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,920. Likiwa tupu, tuseme ufyonzaji wake ni mita za mraba 100. Mvumo utadumu sekunde 3.1. Wakiingia waumini 300, kila mmoja akifyonza kama 0.45, ufyonzaji huwa 235 na mvumo hupungua hadi sekunde 1.3. Kwaya inayofanya mazoezi Alhamisi katika kanisa tupu hushangaa Jumapili kwa nini sauti imekauka. Nguo za waumini ndizo zilizoinywa.

Mvumo huo wenyewe waweza kurekodiwa. Nenda kanisani pakiwa kimya, weka maikrofoni mahali pa msikilizaji, kisha mtu apasue puto pale wanaposimama wapiga tarumbeta. Rekodi hiyo ya sekunde tatu ni sahihi ya chumba. Kwa kanuni iitwayo konvolusheni, kompyuta huichukua kila namba ya sauti kavu, huizidishia sahihi hiyo yote, na kujumlisha nakala zote kila moja kwa zamu yake. Tarumbeta iliyorekodiwa Ulaya husimama hapo ikalia ndani ya kanisa la Kilimanjaro. Sijui jambo lingine katika fizikia ya sauti linalonifurahisha zaidi.

Ala ambazo hazimo

Maktaba hizi hutungwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na ala zetu zikipata nafasi, mara nyingi huwekwa katika fungu moja liitwalo la kikabila, zikiwa zimevutwa zilingane na kinanda. Hapo uharibifu ni mkubwa. Ilimba ya Wagogo, aliyoifanya ijulikane duniani marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hufuata ngazi ya sauti tanzu za asili. Sauti ya msingi ikiwa hezi 100, ngazi hiyo ni 400, 500, 600, 700, 800, 900. Sauti tanzu ya 5 iko senti 14 chini ya kitufe cha kinanda kinachoikaribia, na ya 7 iko senti 31 chini. Programu inayozisawazisha sauti hizo hudhani inasahihisha kosa. Zaidi ya hayo, ilimba za namna hiyo zina vijiti ambavyo havidonolewi bali huitikia wenzake. Anayerekodi kijiti kimoja kimoja hukosa mwitikio wa vijiti vingine wimbo unapoendelea.

Kazi ya kuzirekodi vema yaweza kuanzwa na shule. Yataka chumba chenye magodoro ukutani, siku isiyo na mvua juu ya bati, maikrofoni moja nzuri, na mpigaji mvumilivu. Vilevile yataka mapatano ya maandishi na mpigaji huyo juu ya malipo na matumizi, maana sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda yeye kama inavyomlinda mtunzi.

Ama zile nyimbo kumi, tulizirekebisha. Niliondoa nusu ya sauti nilizoandika, nikaweka nafasi za pumzi, nikabadili maktaba kwa nyingine yenye viwango vinne. Kisha mzee alikuja mwenyewe, pamoja na kijana mmoja anayemfundisha. Posho za watu wawili kwaya iliziweza. Aliipiga sauti ya kwanza juu ya zile za kompyuta, kijana akapiga ya pili. Katika mchanganyiko wa mwisho wapigaji halisi ni wawili kati ya wanane, nao wako juu ya wengine kwa desibeli chache tu. Mvua ilituzuia saa nane mchana, ikatubidi kungoja hadi jioni. Katika wimbo wa sita, kabla ya ubeti wa tatu, mzee anasikika wazi akivuta pumzi. Mtengeneza kanda aliniuliza kama aifute. Nilimwambia aiache.